Florence Lawrence: Uso Uliojulikana Kabla ya Jina

Utangulizi

Wapo wasanii ambao sifa zao zimewafunika badala ya kuwafunua. Hutajwa sana, lakini kazi zao hazitazamwi. Mmoja wao ni Florence Lawrence, mcheza sinema wa zama za sinema bubu. Vitabu vingi vya historia ya sinema ya Marekani humwita "nyota wa kwanza", husimulia kisa kimoja cha mwaka 1910, kisha humwacha hapo na kuendelea na wengine. Msomaji hubaki anajua kwamba mwanamke huyu alikuwa na sifa, asijue sifa hiyo ilitokana na nini.

Katika makala haya tunakusudia kumtazama kwa jicho la mhakiki. Tutaeleza maisha yake kwa ufupi, kisha tuiangalie kazi yake kwa upande wa fani na maudhui, kama tunavyofundisha kufanya katika fasihi. Hoja yetu ni moja. Florence Lawrence alikuwa mfanyakazi hodari kabla ya kuwa jina maarufu, na picha zinazothibitisha uhodari huo ni zile hasa ambazo jina lake halikuandikwa. Kwa hiyo anayetaka kumtendea haki hana budi kuanza na kazi, wala si na sifa.

Maisha yake hadi mwaka 1909

Florence Annie Bridgwood alizaliwa tarehe 2 Januari 1886 katika mji wa Hamilton, jimbo la Ontario, nchini Kanada. Mama yake, Charlotte, alikuwa mwigizaji wa jukwaani aliyejulikana kwa jina la Lotta Lawrence, na alikuwa na kundi lake la kuigiza. Mtoto alipandishwa jukwaani angali mdogo sana, akisifiwa kwa kuimba na kupiga mbinja, naye akalichukua jina la jukwaani la mama yake. Tangu mwanzo, basi, jina la "Lawrence" lilikuwa jina la kazi, na alilirithi pamoja na kazi yenyewe.

Sinema ilikuwa bado changa. Mwaka 1907 Florence alipata nafasi katika Daniel Boone, filamu ya kampuni ya Edison, na jambo moja lililomsaidia ni kwamba alijua kupanda farasi. Baadaye alifanya kazi katika kampuni ya Vitagraph. Huko, pamoja na kuigiza, alishona mavazi ya waigizaji, kwa mshahara wa dola 20 kwa juma. Mwaka 1908 alihamia kampuni ya Biograph ya New York, ambako mwelekezi D. W. Griffith alikuwa ndiyo kwanza anaanza kazi yake. Mshahara uliongezeka ukawa dola 25. Mwaka huo huo aliolewa na Harry Solter, mwigizaji wa kampuni hiyo.

Kazi ya Biograph haikuwa na mapumziko. Kampuni ilitoa filamu mbili hivi kila juma, kila moja ikiwa ya dakika kumi au zaidi kidogo. Kati ya filamu takriban 60 alizozitengeneza Griffith mwaka 1908, Florence alionekana katika nyingi. Leo mke wa tajiri, kesho mtumishi. Asubuhi kichekesho, jioni msiba. Watazamaji walianza kuutambua uso wake, wakawa wanaandika barua kuuliza ni nani. Kampuni haikujibu. Wakamwita kwa jina la kampuni: "msichana wa Biograph".

Kwa nini majina yalifichwa

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana kufichwa kwa majina halikuwa jambo la bahati mbaya. Sababu inayotajwa zaidi ni ya fedha. Mwigizaji ambaye jina lake linavuta watu mlangoni atadai sehemu ya fedha inayoingia mlangoni. Asiyejulikana jina anaweza kubadilishwa na mwingine bila kelele. Alama ya kampuni ndiyo iliyotakiwa kukumbukwa, kama alama inavyokumbukwa katika boksi la sabuni. Sababu ya pili ilitoka kwa waigizaji wenyewe: baadhi ya watu wa jukwaani waliiona sinema kuwa kazi duni, wakaona heri wasitajwe.

Lakini haikuwa lazima iwe hivyo. Nchini Ufaransa, mwaka huo huo wa 1908, kampuni ya Film d'Art iliwachukua waigizaji wa jumba maarufu la Comédie-Française ili wacheze katika sinema, na majina yao yalitangazwa kama fahari. Biograph ilishikilia msimamo wake hadi mwaka 1913. Hata huko Uingereza, watazamaji walipozidi kudai majina, wauzaji wa filamu zake walibuni majina ya uongo, hivi kwamba Blanche Sweet akawa Daphne Wayne. Uongo ulionekana afadhali kuliko kumpa mfanyakazi haki yake.

Waswahili husema, mchumia juani hulia kivulini. Kwa msichana wa Biograph methali hii ilipinduka: aliyechuma juani alikuwa mmoja, na waliokula kivulini walikuwa wengine.

Fani: kuigiza bila sauti

Tuitazame sasa kazi yenyewe. Msomaji akumbuke masharti aliyofanyia kazi. Kamera ilisimama mbali, nayo kwa kawaida ilionyesha mwili mzima kutoka utosini hadi miguuni. Sauti hapakuwa. Maneno machache yaliyoandikwa yalipita kati ya onesho na onesho, na mengine yote yalipaswa kusemwa na mwili. Waigizaji wengi waliotoka jukwaani walilitatua tatizo hilo kwa kutia chumvi: mikono juu, kifua mbele, macho kutolewa.

Florence naye hakuepukana na kasoro hiyo. Katika Resurrection ya mwaka 1909, iliyotokana na riwaya ya Tolstoy, kitabu kinene kimebanwa katika mkanda mmoja. Mhusika wake, Katusha, anashuka kutoka utumishi hadi kifungoni kwa hatua chache, na ishara za mwigizaji zinakuwa kubwa ili kuziba mapengo ya hadithi. Hatuwezi kusema kwamba hapa amefaulu. Hadithi inamkimbiza, naye anaifuata akitweta.

Lakini tuilinganishe na The Country Doctor ya mwaka huo huo. Hadithi yake ni nyepesi na chungu. Daktari wa kijijini ana mke na binti mdogo, binti anaugua. Wakati huo huo mtoto wa mama maskini wa jirani anaugua pia, na daktari anaitwa. Anakwenda. Filamu inatuonyesha nyumba hizi mbili kwa zamu, huku daktari akimpigania mtoto wa maskini na hali ya mwanawe ikizidi kuwa mbaya. Mtoto wa jirani anapona. Daktari anaporudi kwake, binti yake amekwisha kufa.

Florence anacheza nafasi ya mke wa daktari. Ukiitazama nafasi hiyo kwa haraka utasema ni ndogo, kwa kuwa hana tendo kubwa la kutenda. Kazi yake ni kungoja. Anakaa kando ya kitanda, anamtazama mtoto, anamtuma mtumishi akamwite mumewe, anangoja tena. Kungoja ni jambo gumu kuigiza, maana mtazamaji asipoona kinachopita moyoni mwa anayengoja, ataona mtu aliyekaa tu. Florence anautumia mgongo wake, shingo yake, na jinsi mikono inavyokaribia kitanda kisha ikatulia. Uzito wa filamu unategemea kwamba tumwamini mwanamke huyu. Kama hatumwamini, uamuzi wa daktari haumgharimu kitu. Tunamwamini, nao uamuzi unatuuma.

Upande wa vichekesho tunakutana na mtu mwingine kabisa. Katika mfululizo wa filamu za Bwana na Bibi Jones, alioucheza pamoja na John R. Compson, Florence ni mke mwenye akili nyepesi na subira fupi. Hapa mwili unakwenda mbio na kituo kinawekwa mahali pake, kama msimulizi mzuri wa ngano anavyonyamaza kidogo kabla ya neno linalochekesha. Na katika The Taming of the Shrew ya mwaka 1908, iliyotokana na tamthilia ya Shakespeare, anacheza nafasi ya Katharina, mwanamke mkali asiyeshikika. Tamthilia hiyo huishi kwa maneno. Filamu imenyang'anywa maneno yote. Kilichobaki ni hasira ya mwanamke, naye Florence anaijaza picha kwa hasira hiyo hata mtazamaji asione upungufu.

Upana huu ndio ustadi wake. Si mwigizaji wa sura moja inayorudiwa, kama walivyokuja kuwa nyota wengi baada yake. Tena hatuna budi kuona kwamba huenda hali ile ya kutokuwa na jina ndiyo iliyomwezesha. Nyota hulazimika kufanana na jina lake; asiyetajwa alitakiwa kila juma awe mtu mpya. Tunasema hivi si kwa kuitetea kampuni. Dhuluma ni dhuluma hata pale mdhulumiwa anapojifunza kitu ndani yake.

Maudhui: mshonaji na bwana

Kwa upande wa maudhui tungependa kuitaja filamu moja hasa, The Song of the Shirt, ya mwaka 1908, iliyochukua wazo lake katika shairi la Mwingereza Thomas Hood. Florence ni mwanamke maskini anayeshona nguo ili amuuguze nduguye. Anakwenda kuomba kazi, anapewa, anashona usiku na mchana, akiipeleka, inakataliwa. Ndugu yake anakufa. Katikati ya maonesho hayo tunaonyeshwa tajiri mwenye kiwanda akila na kunywa na wenzake. Filamu haihubiri. Inaweka meza ya tajiri kando ya sindano ya maskini, mtazamaji akamilishe mwenyewe.

Hapa mwigizaji alikuwa anajua anachokiigiza. Mikono iliyoshika sindano mbele ya kamera ilikuwa imeshona mavazi ya Vitagraph muda mfupi uliopita. Na mwanamke anayeonyesha jinsi jasho la mtu linavyoliwa na mwingine alikuwa mwenyewe anafanyia kazi kampuni iliyokataa kumtaja. Hatusemi kwamba Griffith au Florence walikusudia maana hiyo ya pili. Kazi ya sanaa mara nyingi hujua zaidi ya wenyewe walioitenda.

Pamoja na hayo, maudhui ya filamu hizi yana aibu zake. Katika The Mended Lute ya mwaka 1909, hadithi ya wenyeji wa asili wa Marekani, Florence ni msichana wa kabila lao, na nafasi kuu nyingine nazo zimechezwa na wazungu waliovishwa mavazi ya kienyeji. Watu waliokuwa hai, wenye sura na majina yao, waliwekwa kando katika hadithi yao wenyewe. Tusimsamehe haraka aliyenyimwa jina kwa sababu tu naye alinyimwa. Hapa alishiriki, pengine bila kufikiri, katika kuwanyima wengine.

Kisa cha mwaka 1910

Mwaka 1909 Florence na mumewe waliachana na Biograph. Carl Laemmle, mfanyabiashara aliyekuwa akipambana na ushirika wa makampuni makubwa yenye hataza za mitambo ya sinema, ulioundwa Desemba 1908, alimchukua katika kampuni yake ya IMP. Tofauti na wale wakubwa, Laemmle aliona kwamba uso huu ukipewa jina utauza.

Mwezi Machi 1910 kampuni yake ilitoa tangazo katika gazeti la Moving Picture World, likidai kukanusha uongo: kwamba habari imeenezwa mjini St. Louis kuwa Florence Lawrence amekufa kwa kugongwa na gari la abiria la reli za mjini, na kwamba ukweli ni kuwa yu hai na ataonekana katika filamu za IMP. Baadaye alipelekwa St. Louis pamoja na mwigizaji King Baggot, na umati mkubwa ukajitokeza kumwona. Husimuliwa kwamba uvumi wa kifo ulitungwa na kampuni yenyewe.

Kisa hiki kimerudiwa mno hata kikawa kama ngano ya asili ya nyota wote. Lakini kampuni ya Kalem ilikwisha kutangaza picha na majina ya waigizaji wake mwezi Januari mwaka huo huo, na IMP yenyewe ilikuwa imeanza kumtangaza Florence kabla ya Machi. Mlango ulikuwa umeanza kufunguka. Laemmle aliusukuma kwa kishindo. Waswahili husema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Florence alikuwa chema kilichokwisha kujiuza kwa miaka miwili bila jina. Laemmle hakumfanya apendwe. Aliupa upendo uliokuwapo mahali pa kulipia.

Baada ya sifa

Miaka iliyofuata alikuwa na kila dalili ya kufanikiwa. Baada ya kupita katika kampuni ya Lubin mwaka 1911, yeye na mumewe walianzisha Victor Film Company mwaka 1912 kwa msaada wa Laemmle, na alikuwa na shamba huko Westwood, New Jersey. Alipenda magari, na mwaka 1914 alibuni chombo cha kuinua alama nyuma ya gari ili kuwajulisha wengine kwamba dereva anataka kupinda, pamoja na alama nyingine iliyojitokeza breki zinapokanyagwa. Hakuvichukulia hataza. Vyombo vya namna hiyo vikaja kuwa vya kawaida katika magari yote, bila jina lake.

Katika kutengeneza filamu ya Pawns of Destiny aliumia katika onesho la moto. Alirudi mwaka 1916 katika Elusive Isabel, lakini zamu ilikuwa imepita. Mary Pickford, aliyeingia Biograph mwaka 1909 na kurithi nafasi yake, alikuwa amekwisha kujifunza thamani ya jina. Mwaka 1919 Pickford aliunda kampuni ya United Artists pamoja na Chaplin, Fairbanks na Griffith. Njia iliyofyekwa na mmoja ilipitwa na mwingine.

Miaka ya 1930, sinema ikiwa imekwisha kupata sauti, Florence alikuwa mmoja wa waigizaji wa zamani waliopewa nafasi ndogondogo na kampuni ya MGM kwa dola 75 kwa juma. Mara nyingi katika nafasi hizo jina lake halikuandikwa. Alirudi pale alipoanzia, ila safari hii hakuna aliyeandika barua kuuliza. Tarehe 28 Desemba 1938 alijitoa uhai mjini Beverly Hills, akiwa na umri wa miaka 52. Alizikwa Hollywood katika kaburi lisilo na jina. Jiwe liliwekwa mwaka 1991, likimtaja kuwa "msichana wa Biograph" na nyota wa kwanza wa sinema; nalo limeandikwa kwamba alizaliwa mwaka 1890.

Kilichosalia

Wakati Florence alipokuwa Biograph, sheria ya Marekani ilikuwa bado haijazitambua filamu kuwa kazi ya kulindwa kwa haki yake yenyewe. Kwa hiyo makampuni yalichapa picha zote za filamu juu ya mikanda mirefu ya karatasi, yakaipeleka Maktaba ya Bunge mjini Washington iandikishwe kama picha za kawaida. Mwaka 1912 sheria ilirekebishwa, na desturi hiyo ikafifia. Filamu halisi za siku hizo zilikuwa za naitreti, kitu kinachoshika moto upesi na kuharibika kikikaa. Nyingi zikateketea au kuoza. Karatasi ikadumu, na katikati ya karne iliyopita picha zake zikarudishwa tena juu ya filamu.

Matokeo yake ni haya. Filamu za Biograph, zilizomnyima jina, tunazo kwa wingi. Zile za IMP na Victor, zilizoandika jina lake kwa herufi kubwa, nyingi zimepotea. Jina limetufikia bila kazi, na kazi imetufikia bila jina. Ni wajibu wa mhakiki kuviunganisha.

Tathmini

Kuna methali isemayo, jina jema hung'aa gizani. Katika jumba la sinema giza lipo kweli, na kilichong'aa mle mwaka 1908 hakikuwa jina. Kilikuwa uso, shingo, na mikono ya mwanamke aliyejua kungoja kando ya kitanda. Tunamwona Florence Lawrence kuwa mwigizaji wa daraja la juu katika vichekesho na katika maigizo ya huzuni ya nyumbani, mwenye kasoro pale hadithi ilipokuwa kubwa kuliko mkanda. Hukumu hiyo inatokana na filamu zenyewe, na ingesimama hata kama kisa cha St. Louis kisingetokea kamwe.

Kwa sisi walimu wa Kiswahili, ambao wanafunzi wetu wengi hukijia wakiwa na lugha nyingine za nyumbani, filamu hizi zina faida ya kazi pia. The Country Doctor haina neno lolote la kusikilizwa. Mwanafunzi lazima ayatafute yeye. Aulizwe: mama huyu anasema nini sasa? Kwa nini amenyamaza? Mtumishi ameambiwa nini mlangoni? Atahitaji vitenzi vya kungoja, kutumaini, kukata tamaa, na atavitumia kwa sababu ameona vinapohitajika.

Na akimaliza insha yake, aandike mwanzoni jina la mwigizaji aliyemtazama. Ni maneno mawili tu, lakini yalichelewa kuandikwa.